Tunacheka wenyewe, wasikilizaji hawacheki

MUULIZE SHANGAZI
Barua za wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni kijana wa miaka 34, nauza pembejeo Mwanjelwa, jijini Mbeya. Nina rafiki zangu wawili tangu kidato cha kwanza. Tulilala bweni moja upande wa Makete kuanzia 2005 hadi 2008. Mmoja anaendesha bajaji Kabwe hadi Uyole, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi Mbalizi. Mwaka jana tulianza podikasti ya vichekesho. Tunarekodi Jumapili jioni chumbani kwangu Isanga, simu tumeiegemeza kwenye kopo la maziwa, tunakumbushana mambo ya bweni. Tumeshatoa vipindi 7. Shangazi, tangu nianze kujitegemea sijawahi kufurahi hivi.

Shida zetu ni mbili. Kwanza, watu wanatuambia, "Mnacheka wenyewe." Pili, kuna mtu mwenye studio hapa mjini anataka kutupa chumba na vifaa bure, ila mada atachagua yeye, tualike mastaa, na habari za bweni tuziache kwa kuwa ni za kizamani. Wa bajaji anataka twende. Mwalimu hataki hata kusikia, na tena ameanza kuogopa kwamba mwalimu wetu mmoja wa zamani atatusikia. Mimi nipo katikati. Vipindi nimekutumia kwenye simu. Tufanyeje?

Muuza pembejeo, Mwanjelwa

Marahaba, mwanangu. Nimevisikiliza vyote saba, na cha nne nimekirudia.

Katika hicho cha nne, dakika ya 11, dereva wenu wa bajaji anasimulia asubuhi ya mwezi wa sita, sakitu imeanguka, ndoo iliyolala nje imefunga barafu juu, na kiranja amesimama mlango wa bafu na fimbo. Anasema aliigonga ile barafu kwa sahani ya bati mpaka ikapasuka, akachovya vidole, akaoga pasipoti saizi: uso, shingo, na miguu mpaka chini ya magoti. Halafu akajipaka mafuta mengi, akang'aa kuliko wote waliooga kweli, na kwenye paredi akasifiwa kwa usafi. Nilikuwa namenya viazi. Niliweka kisu chini, nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa rudi kipindi cha pili. "Unamkumbuka yule jamaa wa kona?" "Yule!" "Siku ile ya wali!" Kisha mnacheka wote watatu. Nimewapima kwa saa: sekunde 40. Kwa sekunde zote hizo mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango wenu, nasikia watu wana raha ndani na hakuna anayenifungulia. Huyo wa kona ni nani? Alifanya nini? Wali gani? Wanaosema "mnacheka wenyewe" hawawachukii. Wanabisha hodi.

Kwenye ile habari ya ndoo, kilichotuingiza ndani ni sahani ya bati. Mimi sijasoma Makete, lakini bati likigonga barafu nalisikia. Na ninyi wawili mlinyamaza karibu dakika mbili mkamwacha aifikishe mwisho. Mkimpata mmoja anayesimulia kana kwamba wenzake hawakuwepo, basi wenzake kazi yao ni kuuliza: sahani ya nani? Kiranja alikuwa kidato cha ngapi? Mafuta gani? Kila swali ni dirisha, na msikilizaji anachungulia.

Sisi tuliokulia kwenye redio tulifundishwa hili bila kujua. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi walipokuwa wakisikika Redio Tanzania, sura zao hatukuzijua. Tulikuwa na redio moja ya betri mtaani kwetu, ikiwekwa dirishani ili na wa nje wapate. Kila kitu kilijengwa kwa sauti: mlango, hasira, njaa. Mtoto wa Mbeya alicheka wakati mmoja na mtoto wa Mtwara, na hakuna aliyeona kitu. Podikasti inawarudisha palepale. Hamna picha ya kuwasaidia, hivyo leteni vitu. Wewe ulisema kipindi cha tano kwamba tranka lako la bati bado unalo. Liweke juu ya meza. Lifungue polepole mbele ya maikrofoni, kama alivyokuwa akilifungua yule mwenzenu usiku kuiba sukari yake mwenyewe asiombwe na wengine. Kila tranka lina mlio wake. Aliyelala bweni atautambua, na asiyelala ataelewa kwa nini watu 40 waliamka pamoja.

Na msiogope kubishana. Mimi nina rafiki wawili ambao tunarekodi nao kila Jumamosi hapa Forest ya Zamani, tumejuana tangu tukiwa wasichana. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu waliogopa kukutwa na bidhaa ndani, wakawa wanazitupa vichakani na mitoni. Mtaani kwetu jirani mmoja alimwaga kitu kisimani usiku. Tulipoanza kulisimulia hilo, kila mmoja alikuwa na kisima chake:

"Maji yalikuwa matamu. Mama hakutia sukari kwenye chai siku tatu."
"Hayakuwa matamu, yalikuwa na povu. Ile ilikuwa sabuni."
"Sabuni ilikuwa kisima cha chini."
"Wewe wakati huo hata hujahamia!"
"Nimehamia, tena mama yako ndiye alinituma ndoo ya pili."

Hatukupata jibu na hatukulitafuta. Kipindi hicho ndicho kilichotuletea ujumbe mwingi kuliko vyote, na wengi walikuwa vijana waliozaliwa miaka 20 baada ya kisima kile. Hawajui foleni ya duka la kaya, lakini wanajua rafiki anayeng'ang'ania. Kwa hiyo yule anayekwambia habari za bweni ni za kizamani, mimi simkubalii. Uzamani wa jambo haujawahi kumzuia mtu kucheka. Kinachomzuia ni kutoonyeshwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye hiyo studio, na hapa nitakueleza kwa kirefu kwa sababu limenipata.

Nilifanya kazi redioni miaka 22, katika kituo ambacho sitakitaja. Nilipenda kazi ile. Lakini kila kichekesho tulichoandika kilipita meza mbili kabla ya kusomwa, na kikitoka kilikuwa na dakika nne, katikati ya matangazo. Nakumbuka tuliandika igizo la bibi anayejifunza kubipu: mara moja maana yake nimefika, mara mbili njooni mnichukue, na yeye akabipu mara tatu, familia nzima ikaanza kulia ikidhani kuna msiba. Liliporudi mezani kwangu, msiba ulikuwa umekatwa kwa kuwa "unahuzunisha", na mahali pake pamewekwa bibi anateleza kwenye ganda la ndizi. Nilisoma ganda la ndizi hewani. Nililia nikiwa kwenye daladala. Nilipostaafu mwaka 2019, mara ya kwanza kukaa na wenzangu na simu katikati yetu, tulizungumza dakika 51 na hakuna aliyetazama saa. Lile igizo la bibi tulilisema lote, na msiba wake. Baada ya hapo nilikaa muda mrefu sijasimama. Nilikuwa na miaka 51 na ndiyo kwanza nasikia sauti yangu ikifika mwisho wa sentensi.

Kwa hiyo, mwanangu, chumba kizuri ni kitu kizuri, lakini hicho chumba cha Isanga chenye kopo la maziwa msikiuze kwa chumba. Mkitaka kuzungumza na mwenye studio, nendeni watatu, na muulize maswali haya kabla ya kunywa hata soda yake. Rekodi ghafi zinabaki kwa nani? Nani anashika nywila ya akaunti? Na RSS ni ya nani? Hili la mwisho vijana wengi hawalijui. Podikasti ni faili za sauti zilizowekwa mahali kwenye intaneti, pamoja na anwani moja inayozitangaza, ndiyo hiyo RSS. Tangu Apple waanze kuorodhesha podikasti mwaka 2005, programu nyingi za kusikilizia zinasoma hiyo anwani tu. Mwenye anwani ndiye mwenye wasikilizaji. Ikiwa kwa jina lake, siku mkikosana mtaondoka na tranka lenu tu. Akikubali kuwapa chumba kwa saa chache, anwani ikabaki yenu na mada zikabaki zenu, andikeni kwenye nusu karatasi, wote wanne msaini, mkarekodi. Akikataa, mshukuruni kwa heshima.

Kuhusu dereva wa bajaji, nina wasiwasi kwamba hujamuuliza swali moja. Jumapili jioni watu wanarudi makwao kutoka kanisani na sokoni, abiria wapo. Yeye anaegesha chombo saa tatu nzima kwa ajili yenu, na hesabu ya tajiri haimsubiri. Wewe duka limefungwa, mwalimu ana mshahara. Inawezekana hapendi mada za mwenye studio hata kidogo, ila amesikia neno "studio" akafikiri huenda siku moja kuna chochote. Mhamishie kurekodi wakati wake wa kupumzika, hata kama ni saa nne asubuhi siku ya kazi na wewe utafute wa kukukalia dukani. Mchangieni mafuta. Ndiye msimuliaji wenu mkubwa, na ndiye anayelipa zaidi kuwepo.

Mwalimu naye ana haki. Ana mwajiri, ana wazazi wa wanafunzi wanaomsikiliza, na yule mwalimu wa zamani ni mtu aliye hai mwenye watoto. Sisi tuna sheria moja hapa Forest: kabla kipindi hakijatoka, yeyote kati yetu anaweza kusema "katisha pale" na panakatwa, bila kuulizwa sababu. Mnaweza kudhani sheria hiyo inabana. Kwetu iliachia, kwa sababu kila mmoja anasema lolote akijua atapata nafasi ya pili. Kuhusu huyo mwalimu wenu wa zamani, badilisheni jina, badilisheni somo, ondoeni kile kilema cha mguu mlichokitaja kipindi cha sita. Hicho kinamtambulisha na hakichekeshi. Ile suruali yake ya kitambaa aliyoivuta mpaka kifuani bakini nayo. Walimu wa namna hiyo walikuwepo kila shule.

Jambo la mwisho, la haraka: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, na zimerekebishwa tena baadaye. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Nenda ukawaulize podikasti ya burudani kama yenu inahitaji nini kwa sasa, usitegemee maneno ya kijiweni. Na nyimbo za watu msiziweke bila ruhusa, pigeni tranka.

*

Ugonile, Shangazi. Sisi ni akina mama wanne wa kikoba, Tukuyu. Kila tukimaliza hesabu tunabaki tunachekeshana habari za ujana wetu: kuchuma chai, barua za mapenzi zilizopakwa poda, treni. Binti yangu akasema turekodi. Tulijaribu, mvua ikapiga bati, hakusikika mtu. Na hatuna pesa ya vifaa wala ya bando kubwa.

Mama wa kikoba, Tukuyu

Ndaga fijo, dada yangu. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo kusubiri ikatike ni kusubiri sana. Rekodini asubuhi, kwa kuwa mvua zenu nyingi hupenda mchana na jioni, na mtafute chumba chenye dari. Kama hakuna, sogeeni kwenye chumba kidogo kuliko vyote, mtandike magodoro mawili yakiwa yamesimama ukutani, na mablanketi yenu mazito ya baridi myatundike nyuma ya migongo yenu. Sauti inayogonga ukuta mtupu inarudi kama mko kwenye karai. Blanketi linaimeza.

Wekeni simu mbili au tatu, si moja. Kila simu isogee karibu na mdomo wa mtu, kiasi cha shubiri moja, kwa pembeni kidogo ili herufi P isipulize. Zizimeni mtandao zisipigwe katikati. Mkishaanza zote kurekodi, mmoja apige kofi moja kubwa; binti atakapoziunganisha kwenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, atalitafuta kofi hilo katika kila faili na kuzipanga zilingane. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili la nyaraka, si kama ujumbe wa sauti, maana ule unabanwa mpaka sauti inakwaruza. Kipindi cha maneno matupu mkikihifadhi kama MP3 ya njia moja (mono), kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 40 hazizidi MB 20. Hata mwenye bando dogo ataimudu.

Na hiyo treni naomba mniahidi mtaanza nayo. Wengi wanajua TAZARA kama reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina ikakabidhiwa 1976. Lakini mwenye kujua kipisi, ile treni ya hapa na pale iliyobeba mikungu ya ndizi, kuku na mabibi harusi kwa wakati mmoja, ni ninyi. Mmoja wenu akumbuke alikaa juu ya gunia la nini. Mengine yatafuata.

*

Kamwene Shangazi. Tuko Kihesa, Iringa, vijana watano, tuna podikasti ya utani. Vicheko vyetu vikubwa ni vya Wahehe: kula mbwa, hasira, na kujinyonga. Mwenzetu mmoja Mhehe ameacha kuja na hasemi sababu. Wengine wanasema ni utani tu, mababu walitaniana. Wewe unasemaje?

Kijana wa Kihesa, Iringa

Kamwene mwanangu. Nimeishi Iringa, nawajua Wahehe na mbwa wao, na nimecheka nao meza moja. Lakini mababu mnaowataja walikuwa na utaratibu. Wahehe na Wangoni walipigana karne ya 19, kisha wakawa watani, na mtani alikuwa na kazi. Kwenye msiba alikuja akalala kaburini, akadai apewe kitu ndipo atoke, waliofiwa wakacheka na macho yamejaa machozi. Alipotoka alishika koleo akafukia. Alipika, alichota maji, alilala pale siku zote. Alikuwa amelipia ruhusa ya kusema.

Ninyi mnataniana na kabila ambalo mwakilishi wake pale mezani ni mmoja kati ya watano, na hamkumpa zamu ya kujibu. La mbwa, mwachieni yeye alisimulie kama anataka. Kwa mdomo wake litachekesha mara mbili. La kamba liondoeni kabisa, hata vipindi vilivyokwisha kutoka. Miongoni mwa wanaowasikiliza yupo aliyemkuta mtu wake hivyo. Mimi nimewahi kukaa msiba wa namna hiyo, na sikumwona mtani yeyote akithubutu.

Mwendeeni kwao, msimpigie simu. Nendeni wote wanne, bila kifaa cha kurekodia.